Mteremko wa Baba

Siku ya tatu ya msiba, khitma ilipokwisha na sahani za pilau zikaanza kupita, Ami alisimama mbele ya wanaume kumzungumzia marehemu baba yangu. Mie nilikuwa ndani na wanawake, mgongo ukutani, dirisha li wazi juu ya kichwa changu. Kila neno nililisikia. Nakwambia haya, rafiki yangu, usije ukaniuliza siku moja kwa nini sitii mguu nyumbani kwa Ami, na kwa nini nikiulizwa habari zake hujibu kwamba sijui.

Ami ni kaka yake Baba, tumbo moja, ziwa moja walinyonya. Ana sauti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kunyamaziwa. Alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mpenda mke, mpenda watoto. "Mtu wa mchezo," akasema, "nyote mwamjua, lakini roho yake nyeupe." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachokatwa kabla hakijafika mbali. Halafu akaanza kusimulia habari ya mvua kubwa, na mkewe aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na ubao.

"Nikamlaza mke wangu juu ya ubao," akasema, "nikamteremsha mlima mzima kwa mikono yangu hii. Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa nyuma akinishikia kamba."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nikalirudisha sahanini.

Kabla sijakwambia nilichofanya, nikwambie kwanza Baba alikuwa nani. Weye hukumjua, na waliomjua wamekwisha kumgeuza.

Kwetu ni ndani ya Mtambile, Pemba, vilima vitupu. Hushuki ila utapanda, hupandi ila utashuka. Nyumba ya Ami ilikuwa juu, yetu ilikuwa chini, na kati yake ulilala mteremko wa udongo mwekundu, mikarafuu mkono mmoja na minazi mkono wa pili. Ukifika chini kabisa ndipo kwenye ziwa. Usifikirie ziwa la kwenye ramani. Mtu mwenye pumzi aliweza kulivuka kwa kuogelea na kurudi bila kupumzika. Lakini kwetu sisi lilikuwa ziwa: maji yake meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, yungiyungi zimetanda pembeni, kambare wamejificha topeni, na magharibi ikikaribia, vyura walipiga kelele hadi Bibi yangu akawa hasikii adhana, akawalaani mmoja mmoja.

Baba alikuwa seremala. Asubuhi niliamshwa na sauti ya randa, na harufu ya ubao mbichi ikichanganyika na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini. Alitengeneza vitanda, milango na mbuzi za kukunia nazi, na kazi yake haikurudishwa. Lakini baada ya sala ya alasiri hukumwona tena kwenye karakana. Alikuwa mlimani.

Watoto wote wa Pemba wameteleza juu ya karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika kole la maua ya mnazi. Unakaa ndani yake, mwenzio anakusukuma, unashuka. Kisha unakua, unaacha. Baba hakuacha. Bibi alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa chini, akapanda juu kwa ajili ya kushuka." Alipokuwa fundi kamili alijichongea ubao wake mwenyewe wa mfenesi, mrefu kuliko mimi, mwembamba, ncha ya mbele ameikunja juu kidogo kama kidole gumba cha mguu. Aliupaka mafuta ya nazi mpaka ukang'aa. Na Baba hakukaa juu yake kama sisi. Alisimama. Magoti ameyakunja, shuka ameipiga ukaja kiunoni, fito mbili za mpera mikononi, moja huku moja huku, anazigusisha chini anapotaka kukata kona. Masika ndiyo yalikuwa msimu wake, udongo ukilainika kama sabuni. Alianzia kwenye uzio wa Ami, akapita kati ya mikarafuu akiyumba kulia na kushoto, akapita mbele yetu kwa mlio wa shwaa, na mwisho wa yote, chubwi, ziwani.

Nasi nyuma yake, watoto wake watano na wa majirani wote, juu ya makarara yetu, tunapiga mayowe.

Mama alisimama chini na sufuria la mihogo ya nazi, anatugombeza kwa sababu ya nguo. Udongo ule mwekundu hautoki, ukishaingia kwenye kanga umeingia. Lakini alasiri moja nilimwona kwa macho yangu amekaa juu ya ubao, mikono kaizungusha kiunoni kwa Baba, ushungi umemvuka, anacheka na kulia kwa pamoja. Walipofika chini kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama juu, kuona kama Ami amemwona.

Maana watu, rafiki yangu, hawakumwacha Baba apumue. Jirani yetu wa upande wa minazi alikuwa akisimama mlangoni na ufagio na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mume mzima na ndevu zake, anateleza kama ngedere!" Ngedere huyo ndiye aliyemtengenezea mlango aliouegemea. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliniinua siku moja mbele ya wenzangu, nimekosea aya, akasema, "Utajua wapi wewe? Baba yako anateleza hapa, nawe utakuja kuteleza kwenye daraja la Siraati." Wenzangu wakacheka. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima. Baba akaniambia, "Mwambie mwalimu, aliyezoea kuteleza ndiye ajuaye kusimama." Sikumwambia, nilikuwa naogopa bakora. Ningemwambia leo, lakini naye amekwisha kufa, na kwenye maziko yake Baba ndiye aliyepasua mbao za kufunika mwanandani kaburini.

Ami alikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu yeye alikuja mpaka ndani kwetu. Alikaa barazani, akamnyooshea Baba kidole.

"Wanifedhehesha," akasema. "Watu wasema mdogo wangu karogwa."

"Kweli wasemayo," Baba akajibu. "Aliyeniroga ni huo mlima. Njoo siku moja, kaka, nawe urogwe."

Ami akasonya, akaondoka bila kunywa kahawa.

Na habari ya ziwa ndiyo iliyowachoma zaidi. Baba aliwafundisha kuogelea watoto wake wote, na watatu kati yetu tulikuwa wa kike. Siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa wametawanyika baada ya sala, alitupeleka upande wa kina kifupi, kanga zimefungwa vifuani, akatushika tumbo kwa kiganja kimoja na kusema, "Piga miguu, mwanangu. Usigombane na maji, yatakubeba yenyewe." Wanawake wakamjia Mama kumwambia kwamba wanawe watakosa wachumba. Baba alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kisiwa kizima kimezungukwa na maji, na mtoto wa kike hajui kuogelea. Wazimu ni wangu au ni wenu?"

Tukitoka majini tulikaa juani kwenye jiwe, meno yanagongana, tukala kambare wa kukaanga na ndimu na pilipili, mikono inanuka tope. Baba aliwatoa miiba watoto wadogo, yeye akala vichwa. Sijala kambare mtamu kama yule tena, na siku hizi nikiletewa kambare sili.

Sasa nikwambie siku yenyewe.

Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa masika mabaya, mvua ilinyesha hadi watu wakasahau jua linatokea upande gani. Asubuhi moja tukasikia kelele juu kwa Ami. Mkewe, tuliyekuwa tukimwita Mama mkubwa, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkunga wa kijiji, bibi kizee mfupi mwenye sauti ya kiume, alikuwa amempapasa na kusema mtoto amekaa upande, wa kuokolewa hospitali tu. Gari ya jirani, pikapu ya kubebea samaki, ilikuwa barabarani inangoja, ng'ambo ya ziwa. Kazi ilikuwa kumfikisha mgonjwa.

Wanaume wanne walimtoa juu ya kitanda. Hawakufika hata kwenye mkarafuu wa kwanza. Mmoja aliteleza, akaanguka, kitanda kikainama, Mama mkubwa akapiga ukelele ambao mimi nilisikia nikiwa chini mlangoni petu. Wakakitua kitanda kwenye tope. Ami alikuwa akiwatukana wote, huyu mzembe, huyu hana nguvu, na mvua inamnyeshea mkewe usoni.

Baba alichukua ubao wake, godoro letu na kamba za usumba wa nazi, akapanda mlima akipiga magoti, maana kusimama hakukuwezekana. Mimi nilimfuata. Sikutumwa, nilifuata tu.

Ami alipoona ubao akawaka. "Hunichezei mke wangu hapa!" akasema. "Wallahi, huu si mchezo!"

Baba alikuwa akifunga godoro. Mkunga ndiye aliyesema, "Mpishe. Kama wewe wajua njia nyingine, itaje."

Ami akapisha.

Wakamlaza Mama mkubwa, wakamfunga kwa kanga kifuani na miguuni, taratibu. Baba akakaa nyuma yake, kichwa chake Mama mkubwa kikiwa mapajani mwake, visigino vyake amevichimbia udongoni. Wale wanaume wanne wakashika kamba kwa nyuma, wakaizungusha kwenye mkarafuu, wakawa wanailegeza kidogo kidogo, mti hadi mti. Nilimsikia Baba akisema naye njia nzima, kwa sauti ile ile aliyotufundishia kuogelea: "Shemegi, vuta pumzi. Huu mteremko naujua. Hapa pana jiwe, twalipita kulia. Umeona? Tumelipita. Vuta pumzi."

Ami alikuwa wapi? Alikuwa juu, amelikumbatia shina la mkarafuu kwa mikono miwili, uso kaugeuza. Simlaumu kwa kuogopa. Kila mtu huogopa.

Walipofika chini ziwa lilikuwa limefurika, njia ya kuzunguka imemezwa. Baba alikuwa na chelezo lake la migomba alilotufungia sisi la kuchezea. Wakauweka ubao juu yake na mgonjwa juu ya ubao. Wale wanne, watu wazima wa kisiwani, hakuna aliyejua kuogelea isipokuwa mmoja. Baba na huyo mmoja wakaingia majini, wakalisukuma chelezo, maji yakiwafika kidevuni, yungiyungi zikimnasa Baba shingoni. Wakavuka. Pikapu ikaondoka na Mama mkubwa na mkunga na Baba, Baba amelowa, miguu haina ngozi visiginoni.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Ami alifika hospitali jioni, mvua ilipokatika.

Unadhani alimshukuru? Alisema, "Mungu kasaidia." Ni kweli, Mungu alisaidia. Lakini neno la ahsante juu yake hakulitia. Na Baba alipotuita jioni ile, visigino vimefungwa vitambaa, alituambia sisi watoto kwamba habari ya nani alishuka na nani hakushuka isitoke vinywani mwetu. "Mtoto yule akikua asije akamdharau babake kwa ajili yangu," akasema. Tukanyamaza. Kijiji nacho kikanyamaza, maana Ami alikuwa na mashamba na wengi walichuma karafuu kwake. Wale wanne wakafa mmoja baada ya mmoja, na mkunga akafa.

Bibi alipofariki, shamba likagawanywa. Mteremko na ziwa vikaangukia fungu la Ami. Baba alikwenda kwake, na mimi nilikuwa nimekwisha olewa, nimekuja kuwatembelea, nikafuatana naye. Baba alikaa mkekani kama mtu aliyekuja kuposa.

"Kaka," akasema, "chukua mlima. Chukua na minazi yangu ya nyuma ya nyumba. Niachie ziwa."

Ami akamtazama. "Una wajukuu wewe. Bado wataka kuoga ziwani?"

"Nataka wao waoge."

"Waoge chooni kama watu," Ami akasema, na wageni waliokuwa barazani wakacheka. Baba naye akatabasamu, akamuaga kwa adabu, akanishika mkono tukaondoka. Mkono wake ulikuwa baridi.

Haukupita muda, malori yakaja. Ami aliuza udongo wa mlima kwa watu waliotaka kifusi. Wakaukata mteremko kama mkate, mikarafuu ikaangushwa na mashina yake, na takataka zote, mizizi, mawe, udongo usiofaa, zikamwagwa ziwani mpaka likajaa. Mama aliniambia kwamba siku zile kambare walitambaa kwenye tope njiani wakitafuta maji, na Baba alikuwa akiwaokota ndani ya ndoo, anakwenda nao kuwatia kwenye mto wa mbali, anarudi kuokota wengine. Mzee yule, na ndoo. Watu wakacheka tena. Ubao aliukata vipande viwili, akafanya mlango wa banda la kuku. Aliishi miaka mingi baadaye, akaswali, akachonga vitanda, akawapenda wajukuu, na kila sikukuu alimpelekea Ami mkono wa nyama. Lakini kile kicheko chake cha kushuka mlima mimi sikukisikia tena.

Basi huyo ndiye "mtu wa mchezo". Na huyo ndiye aliyekuwa "nyuma, akishika kamba".

Nilisimama dirishani. Mwanamke hasemi na wanaume kwenye khitma, najua, nilifundishwa. Nikasema, "Ami, hayo siyo."

Vijiko vilisimama.

"Aliyekaa ubaoni na Mama mkubwa ni baba yangu. Wewe ulikuwa juu, umekumbatia mkarafuu."

Sauti moja ikasema, "Heshima msibani, binti!" Nyingine ikasema, "Astaghfirullah." Ami alikuwa mtulivu. Alinitazama kwa huruma ya uongo, ile inayokera kuliko tusi, akawageukia watu.

"Msameheni, ana uchungu. Alikuwa mdogo siku zile, hakumbuki."

Hapo ndipo mtu aliyekaa kando yangu aliposema. Mama mkubwa. Mwanamke yule maisha yake yote sikumsikia akimpinga mumewe hata katika bei ya dagaa. Hakusimama, magoti hayamruhusu. Aliinua sauti tu, na dirisha likaipeleka nje.

"Mie sikuwa mdogo," akasema. "Na mie ndiye niliyekuwa juu ya ubao."

Mwanawe, yule yule aliyezaliwa siku ile, sasa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alikuwa kati ya wanaume. Aliweka sahani chini akaja mpaka dirishani.

"Mama, kweli?"

"Ami yako, huyu tuliyemzika, ndiye aliyekuvusha, baada ya Mungu. Baba yako alikuja mvua ilipokatika."

Akanigeukia mimi. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba alitukataza. Hakutaka umdharau babako."

Hakumwangalia babake. Alivaa viatu vyake, akatoka, akashika njia ya makaburini, na tulimwona kutoka mlangoni amechutama kando ya udongo mbichi wa Baba mpaka magharibi. Ami alikaa. Watu wakaanza kuaga, kila mmoja amekumbuka shughuli yake.

Wiki ya pili wakaja kwangu wazee wawili wa mtaa pamoja na Ami, kutupatanisha. Wakanywa kahawa yangu, wakala haluwa yangu. Wakasema ndugu hawakatani. Wakasema mzee amekosea ulimi tu. Nikawauliza, "Mlima nao kaukata kwa ulimi?" Ami akasema, "Marehemu mwenyewe alinisamehe, na hakuwahi kunidai neno."

Nimepita pale juzi. Mteremko haupo, umebaki ukuta wa udongo ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Ziwa ni uwanja wa matofali na maduka mawili. Masika, maji hurudi yenyewe kutafuta mahali pake, hayapakuti, hujaa madukani, na Ami hulalamika kwa kila anayepita. Vyura hawapo. Watoto wa siku hizi wa mtaa ule, wa kike kwa wa kiume, hakuna ajuaye kuogelea. Hakuna mtu mzima atokaye nyumbani baada ya alasiri kwa ajili ya furaha tu, na aliyekuwepo mmoja tulimzika.

Nilimjibu Ami mbele ya wale wazee, na jibu langu halijabadilika. Nilimwambia: ni kweli, Baba alikusamehe. Alikuwa na moyo huo. Aliondoka nao, hakuturithisha.